Risasi Aliyoichagua Lurline

Wiki mbili kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, Lurline Artis aliingia kwenye duka la vifaa la Pittman akiwa bado na aproni ya jiko la shule, akasimama mbele ya rafu ya risasi kama mtu aliyeambiwa asome maandishi ya lugha asiyoijua. Hakuwahi kununua risasi maishani mwake. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Rudell. Rudell aliwinda, Lurline alikata nyama, akaifunga kwa karatasi nyeupe na kuipanga kwenye friza. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na hakuna aliyeingilia ya mwenzake.

Mwaka uliotangulia, siku ya kwanza ya msimu, Rudell alipigwa risasi. Aliyempiga alikuwa mdogo wake, Wardell. Hawakuwa wamegombana. Mbwa walimkurupusha kulungu dume kutoka kinamasini, dume akapita kati ya ndugu hao wawili waliokuwa wamesimama mahali pao pa kila mwaka, Wardell akafyatua. Risasi ya marisau makubwa hubeba chembe tisa, kila moja kama punje ya njegere, na zikishatoka kwenye mtutu kila moja hushika njia yake. Nane hazikujulikana zilikoishia. Moja ilipenya vichaka ikaingia mgongoni mwa Rudell, karibu kabisa na uti, na ikabaki humo, kwa kuwa madaktari walisema kuitoa ni hatari zaidi kuliko kuiacha. Tangu hapo Rudell alikuwa na miguu ya kutazama tu.

Wardell alikuja kila juma kukata nyasi zao. Alishusha mashine kutoka kwenye pikapu yake, akakata, akafagia, akaondoka. Hakubisha hodi. Lurline alimwona kutoka dirishani akienda na kurudi, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, na hakumwita. Watu wa kanisani walimngoja alie, hakulia. Walimngoja amlaani shemeji yake, hakumlaani. Mwanzoni waliita hali hiyo imani, wakamsifu. Baadaye walianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Yeye mwenyewe hakujua aiite nini. Siku moja jikoni shuleni alitoa trei ya mikate ya mahindi kwenye jiko bila kushika kitambaa, akaibeba hadi mezani, akaitua taratibu. Ni wenzake waliopiga kelele. Lurline alifungua bomba akauweka mkono chini ya maji, akautazama ukitoka malengelenge, huku akiwaza kama mikate itatosha watoto wa darasa la tano, maana wale hula.

Kwa hiyo siku ile dukani hakusukumwa na hasira, wala hakuwa anataka kumwonyesha mtu kitu. Friza ilikuwa tupu, na Rudell alikuwa ameacha kula nyama ya dukani. Alisema ina ladha ya karatasi.

"Bi Lurline," mzee Pittman alimwita kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa Mzungu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyemfahamu tangu akiwa binti wa kutumwa misumari. "Umepotea? Mabomba yako upande ule."

"Nataka risasi."

"Za Rudell?" Neno lilikuwa limeshatoka. Pittman alionekana kutamani kulirudisha mdomoni.

"Zangu."

Mzee alishusha paketi tatu, akazipanga kwenye kaunta.

"Hii ndiyo sufuri mbili, yale marisau makubwa ya chembe tisa. Nusu ya kilabu chenu cha uwindaji wanatumia hii. Kule kwenye vichaka kulungu anapita mbio, huna muda wa kulenga. Unamwaga tu, mojawapo itampata."

"Mojawapo," Lurline alisema.

Pittman alikohoa, akaisogeza paketi ile kando kidogo. "Hii ni namba moja. Chembe ni ndogo kuliko zile, lakini ni nyingi zaidi. Kuna bunduki zinaipenda hii kuliko ile, usiniulize kwa nini. Na hii ya mwisho ni ya donge. Hakuna chembe humo, ni donge moja zito, linapiga mahali pamoja. Ubaya wake, huku kwetu ni tambarare. Ukikosa, linavuka shamba la karanga linakwenda kwa mtu usiyemjua."

"Ipi nzuri kwa msitu mnene?"

"Bi Lurline, wanaume wamebishania hilo hapa hapa tangu enzi za baba yangu. Wengine wametoka nje kukunjana mashati."

"Nipe paketi moja moja."

Nyumbani Rudell alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu dirishani, redio imewashwa kwa sauti ndogo. Alizipokea paketi mapajani, akazigeuza.

"Nani kakwambia ununue namba moja? Hii ya kupigia mbweha."

"Pittman."

"Pittman hajaua kulungu tangu nywele zimtoke." Alifungua paketi ya sufuri mbili, akatoa risasi moja, akaiviringisha kiganjani. Redio ilitangaza bei ya pamba. "Mimi nimetumia hii miaka yote," alisema. "Risasi yenyewe haina kosa, Lurline."

"Sikusema ina kosa."

"Nakwambia tu."

"Nimesikia."

Akairudisha kwenye paketi, akafunga kifuniko. "Kesho tutazijaribu zote tatu. Usiende msituni na risasi ambayo bunduki yako haijaionja. Mtutu nao una tabia zake, kama mtoto anayechagua chakula."

Siku iliyofuata Lurline alileta maboksi matupu ya maharage kutoka shuleni, akayakunjua, akayapigilia misumari kwenye ukuta wa banda la kuku lililokuwa halina kuku. Kwenye kila boksi alichora duara kwa sahani kubwa, kiasi cha kifua cha kulungu. Kisha akamsukuma Rudell mpaka kwenye mteremko wa mbao wa kushushia kiti nyuma ya nyumba, akamfunga blanketi, akaenda kusimama kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

"Kitako begani!" Rudell alipaza sauti. "Si hapo, huo ni mkono! Panda juu. Hapo. Sasa shavu lilalie mbao, usiliogope."

Alianza na sufuri mbili. Mlio ulitikisa vioo vya jirani na mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Lurline alikwenda kutazama. Kati ya matundu tisa, matatu tu yalikuwa ndani ya duara. Mawili hayakuwa hata kwenye boksi. Alizunguka banda akayatafuta, akayaona kwenye ubao wa upande wa pili, mbali moja na mwenzake. Alichomeka kidole kwenye tundu moja. Kiliingia mpaka kwenye ukucha.

"Vipi?" Rudell alipiga kelele.

"Tatu!"

"Tatu? Rudia!"

Alirudia, zikawa nne. Namba moja ilikuwa afadhali. Chembe zake zilikaa karibu karibu, zaidi ya nusu ndani ya sahani, na Rudell akapiga kiti chake kwa kofi. "Shetani wa Pittman! Miaka yote hii!" Alikuwa anacheka. Lurline alimtazama kutoka kwenye banda na kufahamu kuwa hajamsikia akicheka tangu mwaka jana. Alifahamu hivyo kama mtu anavyofahamu kuwa mvua imeanza nje, yeye akiwa ndani.

Kwa donge, Rudell alimwelekeza afungue kibanio kilichokuwa mdomoni mwa mtutu na kuweka kile kilicho wazi zaidi, kwa sababu donge halitaki kubanwa. Lurline akalenga, akafyatua, akaenda. Tundu lilikuwa moja, kubwa, chini kidogo ya katikati. Alirudi akapiga tena. La pili lilikuwa upana wa kiganja kutoka kwa lile la kwanza.

"Tumemaliza ubishi," Rudell alisema Lurline aliporudi. "Namba moja. Kwenye kichaka unahitaji chembe nyingi."

"Nitatumia ya donge."

"Lurline. Kulungu hasimami akusubiri. Utamkosa, na Pittman amekwambia linakwenda wapi."

"Nitakaa juu mtini, kwenye dungu. Likikosa litaingia ardhini."

"Kwenye dungu hapapiti kitu."

"Basi sitapiga kitu."

Rudell aliona begani kwa mkewe, shati lilipoteleza, ngozi imeanza kuvilia damu. "Hapo hapaumi?"

Lurline aligusa. "Sijui," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Asubuhi ya kufungua msimu, uwanja mbele ya kibanda cha kilabu ulijaa pikapu na mbwa waliokuwa wakilia ndani ya vizimba vyao. Wanaume walikuwa wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, wanakula mikate yenye soseji na kunywa kahawa. Lurline aliposhuka na bunduki ya Rudell, mazungumzo yalipungua. Shemasi Hosea Faltz, aliyekiongoza kilabu hicho kwa sauti ile ile aliyosomea matangazo kanisani, alimjia amevua kofia.

"Dada Lurline. Mahali pa Rudell bado ni pake. Hatujampa mtu."

"Asante, Shemasi. Nataka dungu la kinamasini."

"Dungu?" Aliyedakia ni Tump, jamaa mnene ambaye hakuna kikao kilichoisha bila yeye kuchekesha watu. "Dada, pale tunawapeleka wazee wakalale."

"Nina risasi za donge. Nikiwa juu haziendi kwa mtu."

Mtu mmoja alitazama kahawa yake. Hata Tump ilimchukua dakika kujipanga.

"Donge moja kwa kulungu anayekimbia! Afadhali umrushie kiatu."

"Anayekimbia simpigi."

"Kwa hiyo unamngoja aje akupe mkono?"

"Ndiyo."

Wanaume walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha kumkaribisha. "Ukikosa tunakata shati, unajua sheria," Tump alisema, akimwonyesha kisu. "Tunachukua upande wa nyuma wote."

"Kata. Ni la Rudell."

Wardell alikuwa peke yake karibu na vizimba, anafunga mikanda ya mbwa. Hakuwa na bunduki. Lurline alikuwa amesikia kwamba tangu ile siku hashiki bunduki, kazi yake ni kuwaingiza mbwa msituni tu na kuwafuata. Alipopita, Wardell aliinuka.

"Shemeji."

"Wardell."

Lurline akaendelea na njia yake.

Dungu lilikuwa ngazi ya chuma na kibao cha kukalia, vimefungwa kwenye mti ukingoni mwa kinamasi. Mbele yake palikuwa na misonobari michanga iliyosongamana, miiba, na njia nyembamba ya wanyama iliyoshuka kutoka kwenye vichaka, ikapita kwenye tope na kupotea kwenye mafunjo. Lurline alipanda, akajifunga mkanda, akaweka bunduki mapajani. Baridi ilimwingia kupitia buti. Alikaa kama alivyokaa kanisani mwaka mzima, mikono imetulia, uso umeelekea mbele.

Mbwa waliachiwa mbali upande wa barabara. Sauti zao zilikuja kidogo kidogo, kisha zikashikana zikawa wimbo mmoja mrefu, na mahali fulani upande wa kushoto bunduki ikalia mara mbili. Lurline hakugeuka. Rudell alimwambia asiwasikilize mbwa sana, kwa kuwa kulungu mwenye akili hutoka mapema, anawaacha mbwa nyuma wakishughulika na wajinga, na yeye anatembea tu.

Na kweli alitoka akitembea. Alikuwa dume mdogo, pembe zake fupi, zenye matawi mawili mawili. Alisimama kwenye njia nyembamba, ubavu wake kwa Lurline, kichwa amekigeuza nyuma akisikiliza kelele. Alikuwa karibu kuliko lilivyokuwa banda la kuku. Lurline aliinua bunduki taratibu, akaweka shavu kwenye mbao, akaona kifua cha mnyama juu ya ile nukta ya shaba ya kulengea kwenye mtutu.

Nyuma ya kifua hicho, kwenye mpando, kati ya misonobari, aliona rangi ya chungwa.

Alijua ni nani kabla ya kuona uso. Wardell alikuwa anashuka na mkanda wa mbwa mabegani, anaita mbwa mmoja aliyepotea, anainua magoti kupita kwenye miiba. Hakumwona kulungu wala hakuliona dungu. Mtutu, mnyama, mtu, vyote vitatu vilikuwa kwenye mstari mmoja.

Lurline alimtazama shemeji yake kupitia mahali pale pa kulengea. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wakingoja kitu kutoka kwake, na sasa naye alikingoja, kwa udadisi tu, kama anayesikiliza iwapo simu italia chumba cha pili. Alifikiri labda hasira itakuja, na hapa ndipo mahali pake. Haikuja. Huruma pia haikuja. Palikuwa na mtu aliyevaa kizibao cha chungwa, anahema, amenenepa kidogo tangu mwaka jana. Lurline akashusha mtutu kama anavyoshusha sufuria.

Dume alisikia sauti ya Wardell. Hakukimbia. Alipiga hatua chache za haraka kushuka, akavuka, akasimama tena kwenye tope, karibu kabisa na mguu wa mti. Sasa nyuma yake palikuwa na udongo mweusi peke yake. Lurline akainua bunduki, akafyatua. Dume alianguka palepale alipokuwa amesimama, akapiga miguu mara chache, akatulia.

Lurline alipofika chini ya ngazi, Wardell alikuwa amesimama ng'ambo ya tope, uso umemsawijika. Alimtazama kulungu, akatazama dungu, akageuka nyuma kutazama mpando alikotoka. Alikuwa mwindaji tangu utotoni, hakuhitaji kuelezwa.

"Nilikuwa nyuma yake," alisema.

"Ulikuwa nyuma yake."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nikangoja."

Wardell akaketi kwenye tope na suruali yake yote, akalia kwa sauti, mkanda wa mbwa bado uko mabegani. Alisema maneno mengi. Mengine yalikuwa ya kuomba msamaha, mengine yalikuwa jina la Rudell tu. Mbwa aliyepotea alitokea, akamnusa sikio, akaenda kumnusa kulungu.

Lurline alisimama akiwa ameshika bunduki, hajui mikono ya kumshika mtu ataitoa wapi. Alijua kuna kitu mwanamke mwingine angefanya hapo: angepiga magoti, au angempiga kofi. Alitafuta kimojawapo ndani yake, akakuta pamefagiliwa.

"Wardell," alisema hatimaye. "Shika miguu ya nyuma. Nyama itaharibika."

Wardell akajifuta uso kwa mkono wenye tope, akainuka, akashika miguu ya nyuma.

Kule kilabu, Shemasi Faltz alichovya kidole kwenye damu akampaka Lurline kwenye paji la uso, kama wanavyofanyiwa wote wanaoua kulungu wao wa kwanza, na wanaume wakapiga makofi. Tump alirudisha kisu mfukoni akisema hajawahi kuona kulungu aliyekwenda kupeana mkono na mwindaji mpaka leo. Gari la Lurline halikuweza kubeba mzigo ule, kwa hiyo dume alipakiwa kwenye pikapu ya Wardell. Walifuatana barabarani, yeye mbele, Wardell nyuma, polepole kama msafara.

Rudell alikuwa tayari nje kwenye mteremko wa mbao, amejivuta mwenyewe. Aliona damu kwenye paji la uso la mkewe, akaanza kutabasamu, kisha akaona pikapu iliyokuwa inaingia, tabasamu likasita. Wardell alizima injini akakaa ndani. Kisha akashuka.

"Kaka."

"Wewe." Rudell alimtazama kutoka kofia mpaka buti. "Mbona umelowa hivyo matakoni?"

"Nilikaa kwenye tope."

"Mtu mzima anakaa kwenye tope." Akasukuma magurudumu mpaka kwenye ukingo wa pikapu. "Hebu nimwone."

Wardell alifungua mlango wa nyuma. Rudell alipitisha kiganja kwenye ubavu wa mnyama mpaka akalipata tundu, nyuma ya bega, mahali panapotakiwa.

"Moja," alisema.

"Moja," Wardell alijibu. "Alikuwa anatembea. Na mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mpando, kaka. Shemeji aliona, akashusha bunduki, akangoja apite."

Rudell hakuinua macho. Kiganja chake kilibaki kwenye manyoya kwa muda mrefu. Ndugu hao wawili walikuwa na shingo za aina moja, na zote mbili zilikuwa zimeinama. Lurline aliwaacha hapo, akaingia ndani kunoa visu.

Alisikia baadaye sauti ya Rudell: "Mtundike kwenye mti wa pekani, si kwenye banda, litaanguka lile. Halafu uingie ndani. Nguo zangu ziko mahali pake, zitakubana lakini utavumilia."

Walikata nyama mchana kutwa. Wardell alichuna, Lurline alikata na kufunga, Rudell aliandika kwenye karatasi nyeupe ni kipande gani, huku akimsuta mdogo wake kwa kila alichokifanya kwa kisu. Jioni walikula ini na vitunguu na viazi vitamu. Wardell alikula akitazama sahani. Hakuna aliyeitaja ile siku. Rudell alimuuliza nani anamlisha siku hizi, maana tumbo linajieleza.

Baada ya hapo Wardell alianza kuja Jumamosi, mlangoni. Kazi aliyoichukua ni ya kumwogesha kaka yake, kazi ambayo mgongo wa Lurline ulikuwa umeichoka. Jumamosi ya kwanza Lurline alisimama nje ya bafu, tayari kuitwa.

"Maji ya moto haya, unataka kunipika?"

"Unajuaje ni ya moto, na miguu husikii?"

"Nina mikono, mpumbavu wewe!"

Lurline alingoja. Hakuitwa. Alivaa koti, akatoka nje, akaingia kwenye gari lake lililokuwa limeegeshwa uani, akafunga mlango. Alikusudia kwenda dukani kununua maziwa. Aliegemeza kichwa kwenye kiti ili apumzike kidogo kwanza, na usingizi ukamchukua hapo hapo, mdomo wazi, funguo mkononi. Hakuota kitu. Alipoamka vioo vilikuwa vimejaa ukungu wa pumzi yake, shingo ilikuwa inamuuma, naye alijua hasa panapouma, na ndani ya nyumba wale wawili walikuwa bado wanabishana.